Unga Bila ya Moto

Katika darsa yetu ya baina ya magharibi na isha limezuka suala ambalo twaona si vyema kulificha lisiwafikie wasomaji. Limeulizwa hivi: Mtu akimpa jirani yake kibaba cha maharagwe makavu, naye ajua kwamba jirani huyo hana cha kukokea moto wa kuyapikia, je, amemlisha?

Huenda msomaji wa Mombasa au wa Lamu akalidhania suala hili kuwa ni mzaha. Si mzaha hata kidogo. Na atazame Kitengela, mji ulioko katika kaunti ya Kajiado, mpakani na Nairobi, ambako wamo pia vijana wetu wa pwani waliokwenda kutafuta riziki. Zamani nchi ile ilikuwa nyanda za malisho ya Wamasai; leo imekatwa viwanja, imejaa vyumba vya kupanga, na wengi wa wakaazi wake wafanya kazi katika viwanda vya Athi River na Nairobi. Mkaazi wa huko hana pa kuokota kuni. Moto wake hununua, kama anunuavyo unga na chumvi.

Na moto huo umepanda bei kwa njia zote. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilikataza ukataji wa miti katika misitu yake, na makaa yakawa ghali. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule mafuta ya taa yalitiwa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, kwa sababu walikuwako walaghai wakiyachanganya na dizeli. Basi mama aliyekuwa akipikia stovu akalipishwa kwa kosa la mwenye lori, na hali Sheria yetu haimtwiki mtu mzigo wa dhambi ya mwengine. Mwezi wa Julai 2021 gesi nayo ikatiwa kodi ya asilimia 16, na mwaka 2022 mtungi wa kilo 13 ulivuka shilingi 3,000. Ni kweli kwamba kodi hiyo ilipunguzwa mwaka ule, kisha ikaondolewa Julai 2023, na haki yapasa kusemwa. Lakini anunuaye mtungi sharti awe na fedha zote kwa mara moja. Asiyekuwa nazo hununua makaa mkebe kwa mkebe, na anunuaye kidogo kidogo huishia kulipa zaidi.

Sasa mtazame mtu huyo mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba hangoji, nauli ya kwendea kazini haingoji, na sufuria haichemki kwa subira. Kilichobaki cha kupunguzwa ni chakula tu. Ndipo mtu mwenye kazi na mshahara, aliyekuwa hajawahi kunyosha mkono, akajikuta amesimama safuni pale panapogawiwa unga na maharagwe. Na huko bara ya Kajiado, mvua zilipokosekana mfululizo tangu mwisho wa 2020 hata 2022, ng'ombe walikufa, na watu waliokuwa wakiwakirimu wageni kwa maziwa wakawa wenye kungojea magunia ya msaada.

Wala jambo hili si la nchi masikini peke yake. Mwaka 2022 huko Uingereza, mkuu wa maduka ya vyakula ya Iceland alieleza kwamba wako watu waendao kwenye vituo vya kugawia chakula ambao hukataa viazi, kwa kuwa hawamudu gharama ya moto wa kuvichemsha. Mwenye njaa anakataa chakula! Mwenye akili na azingatie.

Wako wasemao: "Huyu ana kazi, ana simu mkononi, vipi atapewa zaka?" Hawa hawakukisoma vyema kitabu chao. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, fakiri ni yule asiye na kitu, au ana kitu kidogo kisichofika popote katika haja zake. Na miskini ni yule mwenye chumo lakini chumo lake halimtoshi. Dalili yao ni kisa cha jahazi katika Sura ya Kahf: wenye chombo kile walikuwa wakifanya kazi baharini, na juu ya hayo Mwenyezi Mungu akawaita masikini. Basi ikiwa mwenye jahazi aitwa miskini, mpangaji wa chumba kimoja Kitengela ataitwaje?

Ama moto wenyewe, Mtume S.A.W. amewafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, kama alivyopokea Abu Daud. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika mipaka ya ushirika huo, nasi hatusemi kwamba muuza gesi agawe mali yake bure. Twasema kwamba moto haukuhisabiwa kuwa anasa. Na Sura ya Maun imewakemea wenye kunyima vitu vidogo vya nyumbani, ambavyo wafasiri wamevitaja kuwa ni kama sufuria, ndoo na shoka. Shoka ni la nini kama si la kuni?

Na kisa cha Sayyidna Umar R.A. chajulikana. Alimkuta usiku mwanamke aliyeteleka chungu cha maji matupu ili kuwapumbaza watoto wake wenye njaa. Akaenda akabeba unga na mafuta mgongoni mwake mwenyewe. Watu wengi hukihadithia kisa hiki mpaka hapo wakaishia. Lakini yeye hakuishia hapo. Aliinama akaupuliza moto kwa kinywa chake, moshi ukimpita ndani ya ndevu, na hakuondoka mpaka watoto wamekula wakashiba wakacheka. Sadaka yake haikukoma kwenye gunia. Ilikoma tumboni mwa mtoto.

Nasi je? Twateketeza kuni mzigo kwa mzigo katika karamu za hitima na za harusi, kuwalisha walioshiba, na pengine nyuma ya ukuta yuko mjane anayelala kwa chai ya baridi. Ikifika Ramadhani twagawa mifuko ya mchele na maharagwe, twapiga picha, twarudi majumbani tumeridhika. Hatuwauliza: Mna cha kupikia?

Rai yetu ni hii. Zaka ya fitri na itolewe nafaka kama tulivyofundishwa. Hatutaki kuzusha ugomvi katika hilo. Lakini zaka ya mali ni fedha, na sadaka haina mpaka. Kila msikiti, wa pwani na wa bara, na uweke fungu la moto: kumjazia jirani mtungi, au kumnunulia makaa ya mwezi, na apelekewe nyumbani kwa siri asivunjiwe heshima yake. Penye wengi wenye dhiki, na pawe na jiko moja la mtaa, maharagwe yachemshwe kwa pamoja, kila nyumba ichukue sehemu yake.

Ama jawabu ya suala la darsa: aliyetoa maharagwe hali ajua kwamba hapana moto, ametoa, na thawabu yake iko kwa Mola wake. Lakini bado hajamlisha mtu. Na arudi akagonge mlango.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote. Amin.