Shukrani Ugenini

Mwezi huu twataka kutazama pamoja nanyi swali moja. Je, mtu aliye mbali na kwao, mwenye upweke na shida, aweza kushukuru kwa mambo madogo ya kila siku bila kujidanganya? Wako wasemao kwamba shukrani ya namna hiyo ni kujifariji tu, kama mwenye njaa amezaye mate. Sisi pia tulidhani hivyo zamani.

Tulikaa Uingereza mwaka mmoja kwa ajili ya masomo. Kwetu pwani mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini mjini London, katikati ya Desemba, jua hutua kabla ya saa kumi ya jioni, na mchana wote haupati muda wa saa nane. Tulikuwa tukihesabu kila tulichokosa: jua, samaki wabichi, sauti za majirani. Jioni moja tulimpigia mama yetu simu. Tukamwamkia, naye akaitikia marahaba, kisha akauliza, “Habari za huko, mwanangu?” Mara tukaanza: baridi, giza, chakula kisicho ladha, watu wasiosalimiana. Mama alinyamaza mpaka tulipokwisha, ndipo akasema, “Mwanangu, salamu bado hujaitikia.”

Neno hilo lilituchoma. Maana kila mtoto wa kwetu hufundishwa kwamba akiulizwa habari hujibu kwanza “njema”, na akiwa na shida huongeza “ila”. Hata katika nyumba yenye mgonjwa utasikia, “Njema, ila mtoto hawezi.” Asiyejua desturi aweza kudhani kwamba huo ni uongo. Sivyo. Mema hutajwa kwanza, kwa kuwa mtu aliye hai hata kuulizwa habari hakosi jema moja la kutaja. Shida hutajwa baadaye, tena hutajwa wazi wala haifichwi.

Tangu siku ile tulianza kutafuta “njema” yetu ya kila siku, tusije tukaulizwa tena tukakosa jibu. Tuliiona katika kikombe cha chai ya tangawizi, mikono ikikizunguka kwa baridi. Tuliiona adhuhuri, jua lilipopenya dirishani likakaa ukutani kitambo kidogo. Na sisi tuliosema kwamba watu wale hawasalimiani, tuliona kwamba abiria wengi washukapo katika basi humshukuru dereva, ingawa wamekwisha lipa nauli yao na hawana deni naye. Tukajiuliza ni mara ngapi kwetu tumeshuka garini bila neno.

Je, kufurahia mambo ya ugenini ni kuwasahau wa kwetu? Hasha. Tumkumbuke Sayyida Salme, binti Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka, akaolewa na mfanya biashara Mjerumani, akakaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya wageni. Naye alipokufa mwaka 1924, alizikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Mchanga, kitu ambacho sisi twakikung'uta miguuni mlangoni kabla ya kuingia nyumbani! Ugeni humfunza mtu thamani ya vitu alivyovizoea. Na aliyekwisha kufunzwa hivyo kwa mchanga wa kwao, ana udhuru gani wa kutoliona jua dogo la ugenini?

Walakini yatupasa kuonya jambo moja. Wako wapendao kuifanya shukrani kuwa kifuniko cha chungu kinachochemka. Binti aliyekwenda nchi ya mbali kufanya kazi za nyumbani, akidai mshahara wake uliozuiliwa, huambiwa, “Shukuru hata una kazi.” Hiyo si shukrani, ni dhuluma iliyovikwa kanzu. Anayelazimishwa kusema “njema” peke yake amenyang'anywa “ila” yake. Na asemaye “ila” peke yake amejinyang'anya mwenyewe “njema” yake. Mtu mwaminifu ahitaji maneno yote mawili, kila moja mahali pake.

Mwaka ulipokwisha tulirudi. Asubuhi ya kwanza mama aliuliza, “Habari za huko utokako?” Tukajibu, “Njema, mama, ila baridi.” Akacheka, akatumiminia chai.

Basi, ndugu msomaji, uwapo kwenu au ugenini, ukiulizwa leo habari usiitikie kwa mazoea tu. Fikiri kwanza ni jema gani ulitajalo. Kisha, kama ipo shida, sema “ila” bila hofu.