Ufa Mmoja wa Mashua

Wagenia wa Kisangani huchonga mtumbwi katika gogo moja, hauna kiungo. Lakini mashua kubwa ya mtoni ni mbao nyingi. Fundi huzipigilia misumari katika mataruma, yaani mbavu za mashua, kisha huziba nafasi kwa pamba na lami. Akisahau ufa mmoja, maji huingia kimya, nao wote waliomo wamo hatarini.

Eklezia ni mashua hiyo. Waamini hutoka makabila mengi. Kristo huwaunga kwa Ubatizo, na mapendo huziba nafasi kati yao. Mwaka 2023, kati ya Wambole na Walengola, damu ilimwagika kwa ajili ya ardhi, hata Lubunga, ng'ambo ya mto. Huo ndio ufa.

Basi, mkatekumeni mwenye chuki na jirani asingoje siku ya Ubatizo. Aende leo kupatana naye.