Utii na Undugu: Kisa cha Percy na Kisa cha Adili

Swali tunalotaka kulichungua katika makala haya ni la zamani, nalo ni hili: mtu anayeshika amri za wakubwa wake kwa bidii, na kwa kuzishika akafarakana na watu wa nyumbani kwao, je, ametenda wema au ubaya? Wako wasemao kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, wala haimtazami ndugu. Wako pia wasemao kwamba damu ni nzito kuliko maji. Kila upande una methali yake, na kwa hiyo methali peke yake haiwezi kutuamulia. Hapana budi tutazame visa.

Kisa cha kwanza wanafunzi wetu wengi wanakijua kuliko sisi walimu wao. Katika hadithi za Harry Potter zilizoandikwa na J. K. Rowling wa Uingereza, mna kijana aitwaye Percy Weasley, mtoto wa tatu katika nyumba yenye watoto wengi na fedha kidogo. Shuleni alikuwa kiranja, kisha kiranja mkuu. Alipomaliza masomo aliingia Wizara ya Uchawi, na baada ya muda mfupi akapandishwa kuwa msaidizi wa Waziri mwenyewe. Katika kitabu cha tano, kilichotoka mwaka 2003, baba yake alimwonya kwamba amepewa cheo hicho ili awachunguze jamaa zake. Percy alihamaki. Akamtupia baba yake umaskini wa nyumba yao na kutopenda kwake makuu, akafunga mizigo, akahamia London. Mama yake alipomfuata, alimfungia mlango. Sweta aliyomfumia ya Krismasi aliirudisha bila neno.

Walimu wenzangu, tusiharakishe kumlaani kijana huyu. Kwa kweli ni mwanafunzi tunayempenda: anawahi darasani, daftari lake ni safi, na anawataja kwa majina wanaopiga kelele. Tumempa zawadi kwa tabia hiyo tangu darasa la kwanza. Tena kupenda kupanda cheo si dhambi kwa mtoto wa maskini, maana mara nyingi hiyo ndiyo ngazi pekee aliyowekewa. Wala kushika sheria mbele ya jamaa si dhambi. Katika nchi zetu tumeona ofisi zikijaa wapwa na mashemeji, na madaftari ya hesabu yakiliwa na watu wa ukoo mmoja. Afisa anayemwambia ndugu yake, "Kazi hii si yako, wapo wanaoistahili kukushinda," anastahili sifa. Cheo ni dhamana.

Kosa la Percy basi liko wapi? Liko katika kutotofautisha mambo mawili. Kumnyima ndugu kazi asiyoistahili si kumkana. Kumnyima salamu ndiko kumkana. Sheria ya Wizara haikumwamuru arudishe sweta ya mama yake. Hilo alilitenda kwa hiari yake, kisha akalivika joho la sheria. Tuangalie vizuri: mara nyingi anayesema "nafuata kanuni" huwa amekwisha pita mahali kanuni ilipokomea, na sasa anafuata haya yake, au tamaa yake, au ghadhabu yake.

Fasihi yetu wenyewe inaonyesha njia hiyo inakoishia. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mtawala wa Pate alimwogopa shujaa Liyongo akataka afe. Hakumtuma adui. Alimtuma mwana wa Liyongo mwenyewe, akimwahidi makuu na kumwoza binti yake. Kijana akatii, akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Aliyoahidiwa hakuyafaidi. Utii ulionunuliwa kwa ahadi ya cheo haukuwa utii tena. Ulikuwa biashara, na bidhaa ilikuwa baba.

Lakini kisa kinachotufundisha zaidi ni cha Shaaban Robert, *Adili na Nduguze*, kilichochapishwa mwaka 1952. Mwandishi huyu aliyajua maisha ya ofisi, kwa kuwa alianza ukarani katika idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926. Adili ni liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai, tena liwali mwema. Ikibali, aliyetumwa na mfalme kukusanya kodi, akagundua siri ya kutisha: kila usiku liwali huyu huamka, akaenda kuwapiga manyani wawili, kisha akawahudumia kwa huruma. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walimwonea wivu wakamtupa baharini. Jini Huria, ambaye Adili alikuwa amemwokoa na nyoka, akamwokoa naye, na alipotaka kuwaua wale wawili, Adili akawaombea. Wakageuzwa manyani, na Adili akaamriwa awapige kila usiku, la sivyo ataadhibiwa yeye.

Hapa pana jambo zito kuliko la Percy. Percy aliwaacha jamaa zake kwa sababu hakuwapenda vya kutosha. Adili anawapenda nduguze, lakini anawapiga. Analia, anawalisha, na usiku wa pili anashika tena mjeledi. Je, machozi yake yanamtakasa? Msomaji mmoja atasema ndiyo, kwa kuwa alilazimishwa, tena wapigwao walistahili. Mwingine atasema kwamba kwa mgongo unaopigwa, mjeledi wa mwenye huruma na wa katili hautofautiani.

Mimi naona kwamba jibu la Shaaban Robert halimo katika machozi. Limo katika yale yaliyofuata. Ikibali hakufumbia macho aliyoyaona. Aliyafikisha kwa mfalme. Mfalme Rai naye hakusema kwamba amri ni amri. Aliuliza sababu, akasikiliza habari yote, akaamuru kipigo kikome, akawaombea wafungwa kwa majini. Hasidi na Mwivu wakarudishiwa umbo la binadamu, wakatubu. Yaani amri iliyodhaniwa kuwa haibadiliki iliweza kuombewa ibadilike, ila palihitajika mtu wa kuuliza. Adili aliomba mara moja, siku ya kwanza, kisha akazoea. Hatari ya utii ndiyo hiyo: mazoea hutufanya tusiulize tena.

Swali hili haliwezi kuwa mchezo wa fasihi tu kwa mwalimu anayefundisha Remera. Hapa Remera upo Uwanja wa Amahoro, jina ambalo kwa Kinyarwanda maana yake ni amani. Mwezi wa Aprili 1994 maelfu ya watu walikimbilia humo chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wakiyakimbia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Siulinganishi msiba ule na hadithi ya kijana aliyegombana na baba yake. Nasema tu kwamba mauaji yale yalipita katika amri, orodha na vizuizi vya barabarani, na kwamba yaliingia mpaka ndani ya nyumba zenye watu wa ndoa moja. Mahakama za gacaca, zilizoanza kazi nchini kote mwaka 2005 na kufungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni 2. Miongoni mwa visingizio vilivyotolewa na wauaji kilikuwamo hiki kifupi: niliamriwa. Lakini wapo pia walioamriwa wakakataa, wakawaficha jirani na mashemeji, na baadhi yao wakalipa kwa uhai wao. Hao ndio wanaotuzuia kukubali kwamba mwamriwa hana la kuchagua.

Limebaki fungu la jamaa. Ndugu aliyepotelea katika cheo hurudi endapo kuna mlango wa kurudia. Katika kitabu cha saba cha Rowling, cha mwaka 2007, Percy anarudi usiku wa vita, anakiri mbele ya wote kwamba alikuwa mpumbavu, na wa kwanza kumpokea ni ndugu yake Fred, ambaye zamani alimkejeli kuliko wote. Usiku uleule Fred anauawa. Kama Percy angengoja heshima yake ipoe siku moja zaidi, asingemkuta wa kumwomba radhi. Na kama Fred angedai kwanza ahesabiwe makosa yote, angekufa akiwa na deni la ndugu mkononi.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Mtii mwema hujulikana kwa mambo matatu: hatumii sheria kuficha ghadhabu yake, akipewa amri inayoumiza, humrudia mwenye amri na kumwombea anayeumizwa, si mara moja tu, na akikosea, hurudi upesi.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na vitabu vya Shaaban Robert vinaweza kusomwa katika madarasa yetu. Mwalimu atakayesomesha *Adili na Nduguze* asiishie kuuliza nani mwema na nani mbaya, kwa kuwa majina yenyewe yamekwisha kujibu. Aulize: kabla ya Ikibali kufika, watu waliokuwa nyumbani kwa liwali walisikia mlio wa mjeledi usiku ngapi, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyeuliza?