Risasi, Nyama na Rehema

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, watu wa pwani huufahamu zaidi kwa mji wake wa mpakani, Tunduma, ambako malori hupanga foleni yakingojea kuvuka kwenda Zambia, na reli ya TAZARA hupita ikielekea Kapiri Mposhi. Nje ya kelele za mji huo, nchi huteremka kuelekea Bonde la Rukwa, na katika misitu yake ya miombo huishi pongo na nsya. Mwenye kibali cha kuwinda aingiapo misituni humo hubeba, pamoja na bunduki, swali moja ambalo kwa sura ni la ufundi mtupu: achague risasi ipi ili nyama isiharibike?

Swali hilo lina uzito wa fedha, kwani tangu kanuni za mwaka 2020 ziliporuhusu mabucha ya nyamapori nchini Tanzania, bega lililovilia damu limekuwa hasara mbele ya mizani. Lakini lina uzito wa maadili pia. Kumuua kiumbe kwa ajili ya nyama yake, kisha kuitupa nusu ya nyama hiyo, ni israfu isiyo na utetezi.

Ufundi wenyewe haujifichi. Risasi nyepesi iendayo kasi mno, ikimpiga mnyama aliye karibu, hupasuka vipande vipande. Mishipa midogo hukatika na damu husambaa katika minofu hata mbali na tundu. Risasi nzito kiasi, yenye kasi ya wastani, mathalani ya bunduki ya milimita 7, hutanuka kwa utaratibu na kutokea upande wa pili ikiacha uharibifu mdogo. Iko pia risasi ya shaba tupu, isiyomeguka kwa urahisi. Kiswahili kimeipa silaha hii na madini yake ya asili jina moja, na kwa hakika madini hayo ni sumu: mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka kwa maskini iliondolewa ghalani baada ya chembe za risasi kuonekana ndani yake. Basi nyama huweza kuharibika pasipo jicho kuona.

Hadi hapo ubahili wa mwindaji ni jambo jema. Mtego uko mbele. Risasi iharibuyo nyama kidogo kuliko zote ni ile iliyofunikwa ganda gumu kote, isiyotanuka kabisa. Hiyo hupenya kama sindano, na mnyama aliyetobolewa hivyo huweza kukimbia mwendo mrefu, akafa kichakani baada ya saa nyingi za maumivu. Hapa sheria za wanadamu zinatoa funzo la ajabu. Tamko la Hague la mwaka 1899 liliharamisha vitani risasi zinazotanuka mwilini, zile zilizopewa jina la Dum Dum, karakana iliyokuwa karibu na Calcutta, kwa sababu zilimzidishia askari mateso. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 kuhusu kulungu inamlazimisha mwindaji atumie risasi inayotanuka, kwa sababu hiyo humfupishia mnyama mateso. Hakuna mgongano. Askari hupigwa ili aondoke vitani, naye huenda akapona. Mnyama hupigwa ili afe, na kwake kila dakika ya ziada ni adhabu isiyo na kosa.

Kutokana na hayo, mwindaji ana madeni mawili, na madeni hayo yana mpangilio. La kwanza ni kifo cha haraka. La pili ni kutopoteza nyama. Aghalabu hulipwa kwa pamoja: risasi ipitayo nyuma ya bega, katikati ya mapafu, hukuta mbavu zenye nyama haba na kuua upesi. Mara chache madeni hugombana. Jioni, ukingoni mwa kichaka kizito, pigo la begani huvunja mifupa na kumwangusha mnyama palepale, ijapokuwa kilo kadhaa zitapotea. Anayezionea uchungu kilo hizo akahatarisha mnyama kutoweka na jeraha, amelipa deni la pili kwa mali ya deni la kwanza, na huenda akakosa yote mawili.

Msomaji wa pwani atauliza habari ya kisu. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mawindo yaliyouawa na risasi kabla ya kuchinjwa: wako waliolifananisha pigo lake na la rungu, na wako waliolifananisha na la mshale kwa kuwa hupenya. Yuko basi anayetamani risasi dhaifu ili amkute mnyama angali na roho. Lakini mafunzo yaleyale ya kuchinja huamuru kisu kinolewe ili mnyama asiteswe. Haiwi adabu ya kisu kutafutwa kwa kurefusha uchungu wa jeraha.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W. D. M. Bell aliua mamia ya tembo, wengi wao huko Karamoja, Uganda, akitumia bunduki ndogo za milimita 7, kwa kuwa alijua ubongo na moyo vilipo. Leo Tanzania hairuhusu kaliba iliyo chini ya .375 kwa tembo na nyati, na kwa haki: sheria haiwezi kumdhania kila mshika bunduki kuwa na jicho la Bell. Ila kwa pongo na nsya, ambao kaliba nyingi zinawatosha, jambo linarudi kwa mtu mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliye tayari kunyata hatua hamsini zaidi, na kushusha mtutu pale asipokuwa na hakika, huokoa nyama nyingi kuliko anayebadili risasi kila msimu. Na siku arudipo mikono mitupu, hana deni.