Mfalme wa Miji Ishirini

Palikuwa na mchezaji wa Civilization III, ule mchezo wa zamu uliotoka mwaka 2001, aliyeamini kuwa ukubwa wa dola ni idadi ya miji. Akachagua Warumi, akajenga Roma, na tangu siku hiyo kazi ya Roma ikawa kuzaa walowezi tu. Kila kundi la walowezi huondoka na wakazi wawili wa mji. Halikumsumbua hilo. Jirani yake Mgiriki alitulia na miji minane. Yeye alikuwa nayo ishirini.

Alipokuja kukagua miji ya pembezoni ndipo alipostuka. Mji wenye mto, ng'ombe na ardhi nzuri ulimpa ngao moja ya uzalishaji kwa zamu, na sarafu moja. Nyingine zote zilionekana kwa rangi nyekundu: zimeshaliwa.

Ufisadi wa mchezo huu hauna mwizi. Hakuna waziri wa kutumbua wala tume ya kuunda. Ni hesabu ya umbali kutoka Ikulu, pamoja na nafasi ya mji katika foleni ya miji yote, wa karibu ukitangulia. Ukichomeka mji mpya katikati, yote iliyo nyuma yake inasukumwa hatua moja.

Bwana mkubwa akaagiza mahakama, jengo linalopunguza upotevu. Gharama yake ni ngao 80. Kwa kuwa alikuwa bado hajatoka katika utawala wa kidikteta, dhahabu haikuweza kuharakisha ujenzi. Kilichoruhusiwa ni kuwatoa wakazi kafara, ngao 20 kwa kichwa, bila kuzidi nusu ya mji. Akasubiri zamu 20, kisha akatoa watatu kati ya sita. Mahakama ikasimama mbele ya watu watatu walionuna, katika mji uliokuwa hauna tena cha kupoteza. Matunzo yake, sarafu moja kila zamu, yakawa juu ya hazina.

Dawa kubwa zaidi ni Forbidden Palace, jumba lililo makao ya pili ya utawala, na kila dola hupata moja tu. Likijengwa karibu na Roma linakamilika upesi lakini faida yake ni ndogo. Likijengwa mbali linafaa sana, ila mjenzi ni mji wa ngao moja. Akalijenga karibu.

Ninapomlaumu zaidi ni kwa Roma yenyewe. Hakuijengea hata ghala, ambalo huubakizia mji nusu ya chakula kila unapokua. Mji usioguswa na ufisadi wa umbali ndio aliouchuna kila uliponenepa.

Si kwamba mji wa mbali haufai kamwe. Ukiwa umekalia chuma au farasi, hasara yake inavumilika. Tena wakazi wake wanaweza kuondolewa mashambani wakafanywa watoza kodi, na dhahabu ya hao haipunguzwi na ufisadi. Lakini huo ni uamuzi wa mtu anayejua anachokifuata huko.

Mchezaji wetu hakujua, na Mgiriki alipovuka mpaka, alikuta miji mingi haina hata kikosi kimoja cha maana. Katika toleo lililofuata, Civilization IV la mwaka 2005, watengenezaji waliuondoa ufisadi na kuweka gharama ya kuendesha kila mji, inayopanda kwa umbali na kwa idadi. Humo mchezaji wa namna hii hufilisika kabla hajafikia mji wa ishirini.