Je, Mwema Ni Yule Asiyevuja?

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia mswada wa riwaya yake. "Soma kwa jicho kali kaka, mchapishaji anautaka kabla mwezi haujaisha." Nikaanza usiku ule ule. Kufika sura ya nne nikawa nimeshajua: jamaa ameandika kitabu kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi. Sura ya kumi na moja nikakuta kasoro. Mhusika mmoja anajua siri ambayo hakuna aliyemwambia, na fumbo lote la riwaya limeegemea hapo. Nikafunga kompyuta. Wazo la kwanza lililonijia, nalisema bila kulipamba, lilikuwa hili: je, nikinyamaza?

Sasa swali. Wazo lile peke yake lilitosha kunifanya mtu mbaya? Wengi tumelelewa tukiamini kwamba moyo safi ni ule usioingiwa na kitu. Kwa hesabu hiyo, anayempongeza mwenzake huku kijicho kinamtafuna ni mnafiki tu, hana cha kujitetea.

Kilichonisaidia kufikiri ni somo la biolojia nililolisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu: utando wa seli. Ni tabaka mbili za molekuli za mafuta. Vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani ya seli, na mikia inayoyakimbia maji imejificha katikati. Unene wake ni nanomita 7 hivi, yaani upange tando kama 10,000 moja juu ya nyingine ndipo upate unene wa unywele. Oksijeni hupita humo bila kupiga hodi. Chumvi haiwezi kupita kwenye mafuta, kwa hiyo hutumia milango ya protini iliyopachikwa kwenye utando.

Nje ya seli kuna sodiamu nyingi kama mara kumi kuliko ndani, basi saa zote inapenya. Seli nzima, yenye afya tele, inavuja! Inaishi kwa sababu ina pampu: kila pampu hiyo ikitumia molekuli moja ya ATP, inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2. Mdenmark Jens Skou aliitambua kwenye neva za kaa, akachapisha kazi yake mwaka 1957, na mwaka 1997 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Sehemu kubwa ya nishati ya ubongo huishia kwenye kazi hii ya kutoa na kuingiza.

Watu wa huku kwetu walijua kuisimamisha pampu hiyo kabla haijapewa jina. Wawindaji wa Kiwaata na wa Kikamba, kule Kenya, walipika sumu ya mishale kutokana na miti ya jamii ya Acokanthera. Moja ya sumu zilizomo ni ouabain, nayo hung'ang'ania pampu ya sodiamu. Haitoboi utando wala haileti chumvi mpya. Inamzuia mtoaji asitoe, basi. Chumvi ile ile ya kila siku inajaa ndani, mapigo ya moyo yanavurugika, na tembo mzima anaanguka.

Nahodha wa jahazi la mbao angelielewa jambo hili haraka kuliko mimi. Chombo hutiwa kalafati na bado huingiza maji, ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuyakumba. Jahazi likizama, hatuulizi tu maji yaliingiaje, tunauliza pia aliyepaswa kuyakumba alikuwa wapi.

Najua utaniambia seli haina dhamiri. Kweli, na ndiyo maana siipi sifa yoyote. Haichagui kutoa chumvi, mimi nachagua. Kijicho kiliniingia bila ruhusa yangu, na kwa hilo sijilaumu. Lakini siku ya pili sikumpigia rafiki yangu. Siku ya tatu nilianza kujisemea kwamba wasomaji hawataiona ile kasoro, kwamba mhariri ni kazi yake, kwamba si vizuri kumkatisha mtu tamaa. Hapo ndipo lawama yangu inapoanza: nilikuwa nimeacha kukumba, tena nikiyapa maji majina mazuri.

Kuna jambo jingine linalonizuia kutamani moyo usiopenya kitu. Neva hupeleka ujumbe kwa kufungua milango na kuiacha sodiamu iingie kwa kasi, kisha milango hufungwa. Bila kuingia huko, kidole hakijui kwamba kimeungua. Kijicho changu nacho kilikuwa na ujumbe: bado nataka kuandika riwaya, ingawa miaka yote hii nimekuwa nikisema nimeridhika na kuhakiki za wenzangu. Nisingelijua hilo kwa njia nyingine.

Siku ya nne nikampigia. Nilimweleza kasoro na nikamwambia nilikaa nayo siku tatu. Sababu sikuitaja. Alinyamaza kidogo, akasema, "Duh. Asante kaka, umeniokoa." Ile "umeniokoa" ilinichoma.

Leo asubuhi kanitumia picha ya jalada. Ni zuri sana, na kitu kile kile kikanipenya tena. Nimemjibu kwamba ni zuri sana.