Kibandiko cha Mlangoni

Milango mingi ya nyumba za ghorofa jijini Stockholm ina tundu la barua, na juu yake kibandiko cha maneno matatu ya Kiswidi: "Ingen reklam, tack", yaani hatutaki matangazo, asante. Msambazaji wa vipeperushi akikiona hupita. Tarishi mwenye barua ya Skatteverket, mamlaka ya kodi, hapiti: ile ina jina lako, lazima iingie.

Barua pepe nayo inastahili kibandiko cha namna hiyo. Wengi wetu, tukishachoshwa na milio ya simu, huzima arifa zote kwa mpigo, na hapo ndipo madhara huanza, hasa kwa aliye ugenini. Waraka wa kodi, barua ya mwajiri, bili yenye tarehe ya mwisho: Sweden siku hizi mengi ya hayo huja kidijitali, kupitia huduma kama Kivra. Basi zima arifa moja moja, kwa subira. Duka ulilonunua viatu mara moja halina haki ya kukuamsha alfajiri. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inataka kufuta ridhaa kuwe rahisi sawa na kuitoa. Na ili zile muhimu ziendelee kukufikia, ukibadili namba ya simu au barua pepe, anza kuisahihisha kwenye akaunti za benki na za serikali, kabla hata ya kuwaambia rafiki zako.